Siri ya Mabega ya Kakuma

Jumatatu, 10 Juni 2013

Lodwar. Joto la kukaangia mayai. Leo nimevumilia mengi kwa heshima, kama inavyompasa kapteni.

Mike wa ofisi ya maji, ambaye pia ni kocha wetu, amekuja uwanjani na mfuko wa vipande vya tyubu za baiskeli. Ametangaza kwamba timu ya voliboli ya wanawake wa ofisi za Lodwar haitagusa mpira tena kabla ya kupasha mabega moto. Kila mmoja afunge tyubu yake kwenye nguzo, avute nyuma, avute juu, azungushe mikono polepole. Karibu nusu saa! Ati bega la mpiga smashi ni kama injini ya dizeli. Nikamwambia bega langu limelelewa Bomet kwa kukamua ng'ombe na kuchuma chai. Halihitaji kuwashwa. Liliwashwa nilipozaliwa.

Wachezaji walicheka. Mike hakucheka. Alisema ameona natoa faili za rafu ya juu kwa mkono wa kushoto. Alisema smashi zangu siku hizi zinaishia wavuni. Kwa hiyo tukienda Kakuma kwa mechi ya Siku ya Wakimbizi, huenda namba nne, nafasi ya mpiga smashi, akacheza Akai.

Akai! Msichana wa Nakalale, karani mpya kwetu ofisi ya mifugo, mrefu kama mlingoti wa simu, anayeomba ruhusa hata ya kukohoa. Namba nne ni yangu tangu timu ianzishwe. Na aliyeianzisha ni mimi.

Bega linauma kidogo. Bila shaka ni baridi.

Jumatano, 12 Juni 2013

Nimejitolea kupeleka chanjo za mbuzi Kakuma. Bosi ameshangaa, maana safari za huko huwa nazikwepa kwa sababu ya vumbi. Hajui kwamba kichwani mwangu kuna mpango. Mike ana tyubu, mimi nina akili.

Timu ya kambini ina Nyachuol, msichana wa Sudan Kusini. Mwaka jana smashi yake ilipita karibu na sikio langu na mlio wake naukumbuka mpaka leo. Mabega ya namna ile hayaji hivi hivi. Lazima kuna siri, na siri huchunguzwa.

Chanjo nilizikabidhi mapema. Kisha nikajibanza nyuma ya kibanda cha chai cha Mathilde, mama wa Kikongo, kinachopakana na ua wa kanisa. Kupitia ufa wa mabati niliona kila kitu! Nyachuol mbele, wenzake wa timu nyuma yake na jezi zao za njano. Mikono juu, polepole. Mikono inafunguka kama mbawa. Duara kubwa kulia, duara kubwa kushoto. Goti moja chini. Makofi. Mwisho viganja vinakutana kifuani na macho yanafumbwa. Muda wote walikuwa wakihesabu kwa sauti kwa lugha yao, wengine juu, wengine chini, kwa namna ya kupendeza sana.

Mathilde alinikuta nimeinama.

“Mama, uko natafuta nini?”

Nikamjibu kwamba natafuta mbuzi wa serikali. Akachungulia, akasema, “Bale beko najitayarisha juu ya siku ya feti.”

Yaani wanajiandaa kwa sikukuu. Ndiyo maana nilikuja, mama. Ndiyo maana.

Ijumaa, 14 Juni 2013

Ushindi wa kwanza! Nimeifundisha timu mazoezi ya Kakuma. Mike alipinga, lakini nilipomwambia nimeyaona kwa macho yangu mawili, tena anayeyaongoza ni Nyachuol mwenyewe, alisogea pembeni kutazama. Wanawake wameyapenda. Hayana tyubu, hayana kelele za kocha, na ukiyafanya unajisikia mtu wa maana.

Akai aliinua kidole kama mtoto wa shule. Alisema, “Samahani, madam. Mbona mwisho tunafumba macho?”

Nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya pumzi. Akauliza na kupiga goti je. Nikamwambia atangulie kujua voliboli ndipo aulize maswali.

Tyubu za Mike nimewagawia vijana wa bodaboda wafungie mizigo. Amezitafuta jioni nzima. Nilimsaidia kuzitafuta.

Jumanne, 18 Juni 2013

Muujiza. Asubuhi nimetoa faili ya rafu ya juu kabisa kwa mkono wa kulia! Nimeirudisha. Nimeitoa tena mbele ya Akai. Jioni smashi zangu zimepita wavu na moja imemwangusha mlinzi aliyekuwa akipita na chai yake.

Mike amefurahi, kitu ambacho kimeniudhi. Anasema siri si ya Kakuma wala ya popote. Bega limelegea kwa sababu hatimaye naliamsha polepole kabla ya kulifanyisha kazi, na hata ningekuwa nachota maji hewani lingefaidika vilevile. Maneno ya mtu aliyepoteza tyubu zake.

Namba nne nimerudishiwa. Nimeipokea bila kujisifu, isipokuwa kwa wale niliokutana nao njiani.

Alhamisi, 20 Juni 2013

Kakuma. Naandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko unisamehe.

Tuliingia uwanjani mbele ya umati ambao Lodwar haijawahi kuuona. Nikapanga timu yangu mstari. Nikawaza, leo Nyachuol ataiona siri yake ikimtazama usoni. Mikono juu!

Umati ulisogea karibu. Tulipofungua mbawa, mama mmoja alipiga kigelegele. Tulipofika kwenye duara la kushoto, ngoma ikaanza, kisha watu wote wakaimba. Wote! Ile hesabu ilikuwa na beti. Wapinzani wetu walitupa mpira, wakaja kusimama nasi kwenye mstari, tukapiga goti pamoja. Mathilde alikuwa akilia juu ya birika lake.

Viganja vilipokutana kifuani Nyachuol alinishika mkono.

“Dada, hii ni wimbo yetu ya kwaya, ya kushukuru Mungu. Tulikuwa tuimbe leo baada ya mechi. Nani alifundisha nyinyi?”

Nyuma yangu nilimsikia Mike akikohoa vibaya. Nilitamani ardhi ipasuke kidogo, ya kunitosha mimi peke yangu. Lakini kapteni ni kapteni. Nikamjibu kwamba Lodwar tuliona tusije mikono mitupu, tukajifunza wimbo wao kama zawadi. Nyachuol akanikumbatia. Akawatafsiria watu. Vigelegele vilichukua muda mrefu kuisha.

Seti ya kwanza nilicheza kama mtu aliyekunywa radi. Bega lilipanda lenyewe. Tukashinda! Seti ya pili Mike alinipumzisha, akamwingiza Akai. Sikukasirika. Nilizunguka uwanja mzima nikipokea salamu, nikanywa chai ya Mathilde, nikakaa kivulini na wazee wa kanisa. Seti ile wakaichukua wao.

Ya tatu ilikuwa inaelekea mwisho Mike aliponiita. Alinisihi nizungushe mikono kwanza, maana nimekaa na bega limepoa. Nikamwambia mtu aliyepashwa moto na Kakuma nzima hapoi.

Akai mwenyewe alinipa nafasi akisema, “Pole pole, madam.” Mpira ukainuliwa vizuri. Nikaruka. Mkono ukapanda juu, kitu ndani ya bega kikasema ka! na mkono ukabaki hukohuko juu. Mpira ulianguka nyuma yangu. Nilitua nikiwa nimenyoosha mkono mbinguni, machozi yakinitoka, siwezi kuushusha.

Umati ulidhani naanzisha wimbo. Wakaimba tangu mwanzo.

Refa akapuliza filimbi ya mwisho katikati ya ubeti wa pili. Tumeshindwa. Akai alinishika kiwiko, Nyachuol akashika bega, wakaushusha mkono taratibu kama watu wanaoteremsha kitanda kutoka kwenye lori. Akai alinibebea begi mpaka kwenye gari. Nilitafuta sababu ya kumchukia. Nimeikosa kwa leo.

Jumapili, 23 Juni 2013

Nawoitorong, pembeni mwa Lodwar, kwa rafiki yangu anayenipikia, maana mkono umefungwa kitambaa shingoni. Daktari amesema nisiinue kitu, na nikipona nianze kupasha bega polepole kila siku. Mike amekubaliana naye haraka mno. Namba nne ni ya Akai kwa sasa.

Lakini ni nani anayezungumzwa Kakuma? Nyachuol ametuma salamu kupitia dereva wetu kwamba kwaya inaniulizia. Hakuna kapteni mwingine wa Turkana anayeuliziwa na kwaya.

Na leo asubuhi Mungu hakuniacha. Hapa nje pikapu ya Lorugum ilikuwa ikipakia mahindi, na wanaopakia ni wanawake wa timu ya voliboli ya Lorugum, nawajua sura. Mabega yale! Wanachuchumaa, wanakumbatia gunia, wanageuka, wanarusha juu wakipiga ukelele. Wale si watu wa kupakia mahindi tu. Ni mazoezi, na wanayafanya hadharani wakidhani hakuna aliyegundua. Nimeyatazama yote nyuma ya pazia na nimeyashika.

Magunia ya timu nimeshaagiza, yanajazwa mchanga wa mto Turkwel kesho. La kwanza nitainua mimi, wajifunze.