Daktari wa Mafuta ya Kahawia Matinyani

Kiama alisikia habari ya mafuta ya kahawia kwa redio, akinyolewa ndevu hapo Kitui mjini. Mtangazaji alisema mwilini kuna mafuta meupe, haya ya kujaa tumboni, na mengine kidogo ya kahawia, huku nyuma karibu na shingo, ambayo yakishikwa na baridi yanaamka na kuwaka kama jiko. Halafu akasema watafiti bado wanachunguza kama yanaweza kutibu unene. Hapo Kiama hakusikia. Alikuwa ameshatoka nje kutafuta koti jeupe.

Kilichompendeza ni hapo nyuma ya shingo. Mtu hawezi kujiona huko, hata akiwa na kioo kizuri.

Jumapili alikuwa Matinyani, nje ya kanisa, amevaa koti lake jeupe, ameshika kile kipima-joto cha umbo la bunduki kilichobaki tangu wakati wa korona. Alikuwa amesikia akina mama wa hapo wameweka pesa ya kununua tangi la maji. Hiyo pesa ndiyo iliyomtoa mjini.

"Bwana asifiwe, akina mama."

"Amina."

Akamkalisha mmoja wao, Mwongeli, kwa kiti, akamlenga kisogoni, akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Mafuta yako ya kahawia yamelala, mama. Fofofo."

"Tangu lini, daktari?"

"Tangu uolewe."

Wenzake wakasema hiyo inaweza kuwa kweli.

"Dawa ni jaketi la barafu, linatoka ng'ambo," Kiama akaendelea. "Nyinyi ni kumi na wawili. Mlipe mara moja, niagize yote pamoja."

"Na hizi tembe zangu za sukari?" Mwongeli akauliza.

"Hizo ndizo zinayabembeleza yalale. Tupa."

Wewe unayesoma, shika hili: dawa ya hospitali haitupwi kwa sababu ya mtu mwenye koti.

Mutindi, mwenyekiti wa kikundi, mama mwembamba wa maneno machache, alimtazama kidogo.

"Pesa iko, daktari. Lakini sisi ni mwethya, tunalimiana mashamba. Pesa yetu haiendi kwa mtu ambaye hajachimba na sisi."

"Kuchimba nini?"

"Mitaro ya kuzuia maji tu. Kila mama siku moja. Ukimaliza, wewe ni mtu wetu. Hata pasta alichimba."

Kiama akafikiria. Siku kumi na mbili, kwa pesa ya tangi zima. Kuna watu wameiba kuku wakafungwa zaidi ya hapo. Akakubali, tena akawaambia jasho nalo linasaidia.

Udongo wa Matinyani mwezi wa tisa ni tofali ambalo halijakatwa. Na mtaro wa huko ni ule wa fanya juu: unapiga sururu, halafu kila beleshi la udongo unalirusha upande wa mlima, usije ukaona raha. Siku ya kwanza mikono ilitoka malengelenge. Siku ya tatu alilala na viatu. Kwa Kalondu, mmoja wa wale kumi na wawili, aliambiwa mtaro umepinda, akaurudia kuanzia juu. Walimpa isyo, mahindi na maharagwe, sahani ikijaa, lakini jua lilikuwa likimla yeye. Siku ya nane suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani.

"Daktari," Mwongeli akamwambia, ameegemea jembe, "naona yako yameamka."

Siku ya kumi na mbili akanawa, akavaa koti, akaenda kwa mwenyekiti.

"Mama, nimemaliza. Sasa ile pesa."

"Ile pesa ni tangi. Si wewe ulitusaidia kulishusha kwa lori juzi Jumanne?"

Kiama akalikumbuka. Lilikuwa jeusi, na yeye ndiye alikuwa upande wa chini.

"Kwani mlijua?"

"Tangu umwambie Mwongeli atupe dawa. Huyo anameza tembe zake kila siku mbele yangu."

"Mbona basi hamkuita polisi?"

"Polisi wangekupeleka Kitui, na mvua iko karibu."

Kiama akasema hiyo ni kuonea mtu, na sasa hivi anaenda kushtaki kwa chifu.

"Nenda," Mutindi akasema. "Shamba la tano lilikuwa la mke wake. Anakusifu sana. Anauliza kama utarudi kupalilia."