Karoti za Siri

Jumatatu, 3 Machi

Mama watoto ameanza zamu ya asubuhi katika wodi ya watoto. Ameisubiri zamu hii tangu mtoto wetu mdogo akiwa bado mgongoni. Akiimudu, wodi yenyewe atapewa aisimamie. Anatoka nyumbani kabla hakujapambazuka, kwa hiyo chakula cha kubeba shuleni kimeniangukia mimi. Nimemwambia aende kwa amani, mume wake yupo. Ameniangalia kama mtu anayeondoka na kuacha jiko linawaka.

Shule imepiga marufuku biskuti, soda na chipsi. Mwalimu mkuu anataka mboga na matunda katika kila mkebe. Mama watoto ameshauri niwaulize watoto mboga gani wanaweza kuivumilia, basi niwape hiyo. Nimecheka kimoyomoyo. Kumuuliza mtoto kuhusu mboga ni kama kumuuliza mteja upana wa kiuno chake. Utadanganywa tu.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kuficha. Naficha mshono, naficha tumbo la mteja, naficha mahali mkasi ulipoteleza. Karoti ndiyo itanishinda? Nimeikuna laini, nikaichanganya na yai, nikaibana katikati ya mkate. Kwa nje huoni kitu. Pindo safi kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Mikebe imerudi. Binti yetu, ambaye kwa ubishi wake tunamwita Wakili, amekula mkate pembeni na kuacha katikati, kama aliyetaka kutengeneza dirisha. Mdogo wake tunamwita Mkaguzi. Yuko darasa la pili na hali kitu bila kukifunua kwanza. Amekwangua karoti yote kwa ukucha, akaipanga kwenye mfuniko, akanirudishia. Kwa heshima zote amenieleza kwamba kuna vitu viliangukia kwenye yai lake, huenda ni vyangu.

Wakili ameuliza kama inaruhusiwa kumpa mtu chakula chenye vitu vilivyofichwa. Nimemwambia akafanye kazi za shule. Amesema ameshamaliza.

Mkaguzi amelala kabla ya chakula cha jioni, kichwa kinamuuma kwa njaa. Mama watoto amemgusa paji la uso, halafu akaniuliza kama mambo yanaenda. Nimesema yanaenda. Sikusema yanaenda wapi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekutana na Mama Pacha kwenye ngazi. Mlango wake unatazamana na wetu, na pacha wake wanasoma darasa moja na Mkaguzi. Bila kuulizwa, amesema wanawe wanakula mchicha wa kuchemsha na kuomba nyongeza. Amelisema huku akiweka sawa mkoba wake, kama anayetaja hali ya hewa. Nimempongeza. Taya zimeniuma hadi mchana.

Basi nimeamua kuwashika watoto kwa macho. Tango nimelikata nyota, na ukingo wake nimeupamba kwa mkasi wa meno, ule wa kuzuia kitambaa kisifumuke. Kazi iliyotukuka. Kengele ya shule imelia sisi tuko njiani.

Niliporudi nikaushika mkasi uleule na kuendelea na majoho meupe ya kwaya. Sasa joho moja lina mstari wa kijani ubavuni. Nitaweka utepe juu yake. Mwalimu wa kwaya atadhani ni urembo.

Jioni nyota zimerudi zote. Mkaguzi alizipenda mno, hakuthubutu kuzila. Alizipanga juu ya dawati na darasa zima likaja kuzitazama. Mchana kutwa jua la dirishani lilizipiga. Zimenyauka, zinatia huruma.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejiuliza usiku kucha: Mkaguzi akikatazwa kitu, hufanya nini? Hukigusa. Basi nimeweka karoti katika mikebe yote miwili na kutangaza kwamba hizo ni za watu wazima, nimezihifadhi humo kwa muda tu, na ole wake atakayezidokoa.

Jioni Mkaguzi amenikabidhi karoti zangu zote. Hata mwalimu wa darasa, anasema, alimsifu kwa uaminifu. Ni mara ya kwanza kunitii tangu azaliwe. Amechagua siku.

Wakili yeye aliuliza kwa nini mtu mzima ahifadhi karoti kwenye mkebe wa mtoto. Nimejifanya nimeitwa na mteja.

Ijumaa, 7 Machi

Sasa nimewapata. Leo nimetangaza kwamba atakayerudisha mkebe mtupu atashika rimoti ya televisheni siku nzima. Mmoja Jumamosi, mwingine Jumapili. Nimefungasha karoti na mahindi ya kuchemsha, waziwazi, bila hila yoyote. Longolongo zimeisha, nguvu zote kwenye rimoti.

Mikebe imerudi mitupu. Mitupu kabisa, inang'aa, hata kuiosha nimeona aibu. Nimemwonyesha mama watoto. Uso wake umelegea kwa furaha, akakaa, akavua viatu. Amesema mkuu wa wauguzi anataka jibu kuhusu ile wodi ifikapo Jumanne. Nimemwambia amjibu hata leo.

Nimegonga kwa Mama Pacha kuazima chumvi ambayo siihitaji. Nimepenyeza habari za mikebe. Amesema hata ya kwake ilirudi mitupu. Tumetabasamu wote wawili, kila mmoja na lake.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeitwa shuleni. Nimemkuta Mama Pacha naye ameitwa. Tumekalishwa kwenye viti vya wanafunzi, magoti karibu na kidevu.

"Wazazi wangu," amesema mwalimu wa darasa, "kule chini ya ngazi pamekuwa soko. Chakula kinabadilishwa. Na huyu binti yako mkubwa ndiye dalali."

Nimeuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo wanangu hawali?"

"Wanakula, baba. Wanamaliza. Ila wako mdogo anakula mchicha wa huyu mama, na pacha wanakula karoti zako."

"Mchicha? Mkaguzi?"

"Anaugombania."

Mama Pacha amepata kikohozi cha ghafla. Mwalimu amesema yeye hana shida na mboga, shida yake ni kelele na watoto kuchelewa kurudi darasani. Kuanzia kesho kila mtoto ale cha kwake.

Tulipotoka nje Mama Pacha amekiri kwamba pacha wake hawajawahi kugusa jani nyumbani, na kwamba Ijumaa aliwaahidi mpira mpya. Sijawahi kumpenda jirani kama leo.

Lakini kesho ndiyo kesho. Soko limefungwa, mikebe itarudi imejaa, na mama watoto anatakiwa kutoa jibu. Ameniuliza kama kila kitu ni shwari. Nimesema shwari. Kwa kweli nimeogopa. Akiikosa ile wodi kwa sababu ya karoti nitamtazama vipi?

Jumanne, 11 Machi

Nilipanga kuamka mapema na kubadilishana mikebe na Mama Pacha mlangoni, kimyakimya, watoto wasijue. Sikuwahi. Mwalimu wa kwaya amebisha hodi hatujanywa hata chai. Tamasha limewahishwa, anataka majoho sasa hivi. Nimekaa kwenye cherehani kushona utepe juu ya ule mstari wa kijani, yeye kasimama nyuma yangu anahema. Nimewapigia watoto kelele kwamba wajifungashie wenyewe chochote watakachokiona. Sikugeuka hata kutazama. Utepe ameupenda. Ametaka majoho yote yawe nao.

Jioni mikebe imerudi mitupu. Safari hii sikudanganyika. Nimemweka Mkaguzi mbele yangu.

"Umempa nani?"

"Nimekula mwenyewe."

"Umekula nini?"

"Yai. Ndizi. Na karoti."

"Karoti ipi?"

"Nzima. Niliiosha."

Nimemuuliza mbona zangu hakuzila. Amefikiri kidogo, akavuta kaptura yake juu.

"Zako zilikuwa na jambo, baba. Hii ilikuwa karoti tu."

Nikasikia kicheko mlangoni. Mama watoto alikuwa amesimama pale na sare yake. Amecheka hadi akaegemea ukuta. Kumbe alikuwa anajua kila kitu, tangu yai la Jumatatu. Wakili alikuwa anampa taarifa kila jioni akisukwa. Na jibu la wodi ameshalitoa mchana. Amekubali. Alisema hakuona sababu ya kungoja karoti.

Nimemuuliza kwa nini hakunizuia. Amesema angenizuia, zile nyota za tango asingeziona.

Halafu amenishika bega na kuniambia, taratibu, niache mbinu. Ninunue vyakula, niweke mezani, wafungashe wenyewe. Basi. Nimemwambia nimemwelewa kabisa.

Jumatano, 12 Machi

Wamefungasha wenyewe tena. Wamekula tena. Mama Pacha ameniuliza siri yangu. Nimemweleza kwamba ni mpango mrefu wenye hatua: kwanza unaficha, kisha unapamba, kisha unakataza, mwisho mtoto anakomaa na kujifungashia. Ukiruka hatua hata moja, umeharibu. Ameguswa sana. Ameomba nizungumze kwenye kikao cha wazazi, na nimekubali. Nimeshajishonea shati.

Jambo moja tu linanisumbua. Nimegundua mama watoto anakwenda kazini bila kutia kitu tumboni, na mchicha hajauonja wiki nzima. Mtu wa kusimamia wodi hawezi kuishi hivyo. Kumuuliza hakuna maana, atasema ameshiba. Nimeusaga mchicha laini, nimeuchanganya na juisi yake ya nanasi. Imekuwa na rangi ya bwawa, lakini nimeitia kwenye chupa nyeusi na kifuniko nimekikaza barabara. Hatajua kamwe.