Mimi, Thornton wa Thornton

Jumatatu, 2 Mei 1983

Mvua. Magoti yanauma. Na Stanley Naylor kapewa fimbo tena!

Mwaka wa ishirini huu. Alhamisi ya wiki ijayo, Sikukuu ya Kupaa, kijiji kizima tutauzunguka mpaka wa parokia kama kila mwaka. Kasisi atasoma sala, watu watayachapa mawe ya mpaka kwa vijiti, na mbele yetu sote Naylor na ile fimbo ndefu, kifua mbele, kama jogoo anayedhani jua linamchomozea yeye. Sababu? Eti fimbo ni ya ukoo wa kale kuliko zote kijijini.

Kijiji chenyewe kinaitwaje? Thornton. Mimi naitwaje? Enoch Thornton! Naylor maana yake ni mfua misumari. Tangu lini msumari ukaitangulia nyumba?

Babu yangu alitembea nyuma kabisa, kwenye mavi ya kondoo. Baba yangu hivyo hivyo. Mimi nina miaka sabini na minne. Nataka kutembea mbele mara moja tu, kabla magoti hayajastaafu.

Nimemwambia mke wangu Nellie kwamba naidai fimbo. Akanikumbusha desturi: anayeidai akashindwa kuthibitisha hushikwa mikono na miguu, akanyanyuliwa, akagongwa makalio kwenye jiwe la mwisho ili akumbuke mpaka ulipo. Nikamwambia hayo ni ya wanaoshindwa.

Jumatano, 4 Mei

Karatasi imefika! Niliiagiza mwezi uliopita kwa tangazo la gazetini: asili ya jina lako, maana yake na kuenea kwake, pamoja na ngao ya rangi.

Ngao safi. Maana, aibu tupu. Nilitarajia ngome. Nilitarajia angalau farasi. Wapi! "Kitongoji penye miti ya miiba." Basi! Miaka yote nimelibeba jina hili kwa heshima, kumbe nimebeba kichaka.

Na kuenea nako! Eti vijiji vya Thornton viko chungu nzima Uingereza, na watu wenye jina hilo ni maelfu kwa maelfu. Sikuamini. Nikaenda posta kutazama kitabu cha simu. Thornton mchinjaji, Thornton mzibua mabomba, Thornton mkata sugu za miguu! Nani aliwapa ruhusa? Nikarudi nyumbani nimenuna. Nilipokuwa nakunywa chai nikafikiri upya. Mfalme lazima awe na watu. Hao ni watu wangu.

Karatasi ni ndefu kuliko fremu. Nimekunja sehemu ya chini, maneno madogo madogo tu, nikaitia kwenye fremu ya picha ya mama mkwe. Mama mkwe nimemweka kabatini.

Alhamisi, 5 Mei

Nimeingia baa na fremu kwapani na kutangaza dai langu mbele ya wote. Miaka arobaini hakuna aliyethubutu. Kisha Naylor akaweka bia yake chini, akaniuliza kwa upole kama makalio yangu yana afya.

Nikamwambia ajibu hoja. Akasema ana mbwa anayeitwa Duke, cheo cha mwinyi mkubwa, na hajawahi kumwona huyo mbwa akidai kasri. Baa nzima ikacheka, hata watu niliowahi kuwasaidia kuvuta gari kwenye matope. Sitasahau sura zao. Nimewaandika nyuma ya daftari hili.

Kasisi Penrose, kijana aliyehamia hapa mwaka jana, akasema ataamua Jumapili baada ya ibada. Anapenda sana vitabu vya zamani. Mtu wangu huyo.

Jumamosi, 7 Mei

Nimempelekea kasisi pai ya nguruwe, ile Nellie aliyoioka kwa ajili ya dada yake. Si hongo, ni ukarimu wa mwenye kijiji. Kasisi akashukuru, akasema yeye hali nyama. Pai ikaliwa na mbwa. Mbwa wa Naylor, aliyekuwa anapita!

Nellie hasemi nami kwa ajili ya pai na ya mama yake. Jioni aliniuliza neno moja tu: nimeisoma ile karatasi mpaka mwisho? Nikamjibu kwamba mtu halisomi jina lake mpaka mwisho, analiishi. Akatikisa kichwa akaendelea kufuma.

Jumapili, 8 Mei

Nimeonewa. Nimeonewa ndani ya nyumba ya Mungu!

Tulikusanyika chumba cha nyuma cha kanisa. Kasisi akaisifu ngao. Halafu, bila kuombwa, akafungua fremu. Karatasi ikakunjuka. Akayasoma yale maneno madogo, kisha akavua miwani.

"Mzee Thornton," akasema, "hapa hapa kijijini kila mtu alikuwa wa Thornton. Nani angemwita jirani yake hivyo? Jina hili walipewa walioondoka, huko walikohamia."

Nikasema karatasi ni ya kughushi. Akanikumbusha kwamba niliileta mwenyewe. Akafungua daftari la kanisa. Naylor wa kwanza alibatizwa 1641. Thornton wa kwanza ni 1889: babu yangu, kutoka mji wa Bradford, kaja kutafuta kazi kwenye kiwanda cha sufu.

Naylor alikuwa na siku tatu nzima za kutafuta la kusema. Hakuhitaji hata dakika. "Kwa hiyo ninyi ndio mliotutoroka," akasema. "Karibu nyumbani, mzee mwenzangu. Mmechelewa kidogo."

Alhamisi, 12 Mei

Jua kali. Mvua ikitakiwa, haiji.

Maili saba nimetembea nyuma kwenye mavi ya kondoo, nikijua ninakokwenda. Jiwe la mwisho liko juu ya kilima, lina pembe nne, na zote nazijua sasa. Walitakiwa watu wanne. Walijitokeza kumi na moja! Nellie alinishikia kofia. Nilimwuliza kama hana la kusema. Akasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Naylor alitaka mguu wangu wa kulia, yeye mwenyewe. Lakini mguu unataka mikono miwili, naye ameshika fimbo. Akageuka huku, akageuka kule. Kuiweka chini ni mwiko. Watu wote mikono imejaa mimi. Mwishowe akanilazia fimbo tumboni na kusema, "Shika hii, Enoch, usiiangushe."

Nikaishika.

Wakanigonga mara tatu. Kasisi alisoma sala kwa sauti ya mtu anayezuia kicheko.

Ijumaa, 13 Mei

Naandika nimesimama.

Nimelala nikiwaza, na sasa mambo ni wazi. Jana, mbele ya parokia nzima, kwenye jiwe la mwisho, fimbo ilikuwa mikononi mwa nani? Si mwa Naylor! Thornton wa kwanza kuishika tangu dunia iumbwe. Tena wengine huibeba kwa miguu yao. Mimi nilibebwa nayo, kama mfalme. Nimemwandikia kasisi aliingize hilo kwenye daftari la kanisa, kwa wino mweusi, chini ya Naylor wa 1641. Au juu, nafasi ikiwepo.

Na hapo nikakumbuka: mama yangu alizaliwa Denton. Ukoo wa Denton! Na nyuma ya kilima kuna kijiji, kinaitwaje? Denton! Nimeandika barua kuuliza wanauzunguka mpaka wao siku gani, na fimbo hubebwa na nani. Na karatasi nyingine nimeagiza, yenye ngao.

Nellie amemrudisha mama yake kwenye fremu. Nimemwomba asiikaze sana misumari.