Bahasha ya Hasara za Koko

Jumatatu, 2 Machi

Jules, aibu yako. Noeli mbili zimepita hujaonekana hapa Gihundwe, kana kwamba basi la Kigali linakwenda tu, halirudi. Uliniachia daftari hili ukasema: Koko, bibi yangu, andika humu, usinipigie simu nikiwa kazini. Haya, naandika. Darasani sikuketi hata siku moja. Herufi nilifundishwa kanisani nikiwa na mvi, kwa hiyo soma polepole na ufunge mdomo.

Dada yako Sandrine amepata mshahara wake wa kwanza, pale hoteli ya kando ya ziwa, Cyangugu. Nilioga. Nikavaa vizuri. Nikakaa sebuleni mikono wazi, maana mshahara wa kwanza unaletwa kwa mzazi, anaubariki, kisha anakurudishia anachoona kinafaa. Mimi nilimpelekea mama yangu kule Bukavu. Wewe uliniletea mimi. Sandrine kaja na bahasha nne! Chakula. Safari. Ugonjwa. Ya nne, nene kama mke wa mchungaji: chumba. Anataka kupanga chumba chake mwenyewe Kamembe, mwisho wa mwezi. Eti kijana ajue kugawa pesa yake kabla pesa haijamgawa yeye. Akaapa hanikimbii. Anayekukimbia ndiye huapa hivyo.

Nyumba ina vyumba vitatu. Changu, chake, na chako kilichojaa maharage. Akienda, nabaki na mbuzi. Haendi! Bahasha nene lazima ikonde.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeugua. Kwa makusudi. Kiuno, kichwa, kikohozi cha kupasua bati. Dawa zingemeza bahasha ya ugonjwa, kisha zingeanza ile nene. Sandrine akanipandisha pikipiki hadi hospitali. Kumbe ameshanilipia mituweli, ile bima ya afya, tangu siku ileile ya mshahara! Tulichotoa dirishani ni sarafu za maandazi. Daktari, mtoto asiye na ndevu, akasema moyo wangu utamzika yeye. Sandrine akacheka njia nzima.

Tunarudi, nani kasimama uani? Vénantie, jirani yetu mwenye vyumba vya kupangisha. Akaniuliza kama nimefufuka. Mwanamke yule ana meno mengi kuliko haja.

Jumamosi, 7 Machi

Akili imerudi. Binamu yenu Fabien anaoa Bukavu mwezi ujao. Wanawake wa familia wanavaa kitenge kimoja. Asiyekivaa ni mgeni aliyefuata harufu ya pilau. Hapo Sandrine hachomoki! Nimevuka mpaka, daraja la Rusizi II, hadi Bukavu kwa Maman Elikia, muuza vitenge. Nimechukua changu, cha Sandrine, vya shangazi zako wote. Bei kali, maana vimechorwa ndege wa dhahabu. Pesa sina. Nikamwambia mjukuu wangu ana mshahara, amfuate hotelini.

Na kitenge hakiozi, Jules. Mama yangu alikufa sanduku limejaa. Hiyo ndiyo akiba. Bahasha ni chakula cha panya. Nimerudi nikiimba.

Jumanne, 10 Machi

Maman Elikia hakungoja. Amevuka asubuhi, kasimama mapokezi mbele ya wageni na masanduku yao ya magurudumu, akadai kwa sauti ya soko la Kadutu: batoto ba leo banavaa bikwembe, kulipa habataki! Bosi akatoka ofisini. Sandrine angeweza kusema si yeye aliyechukua, ni bibi yake, mwongo wa Gihundwe. Badala yake akavuta mkoba wake. Akafungua bahasha nene, akalipa.

Basi, nimeshinda. Mwenye chumba cha Kamembe amempa mtu mwingine.

Sandrine amerudi, kapika sombe ya majani ya muhogo, kaniongezea visamaki vyake vya sambaza kwenye sahani yangu. Hakugomba. Afadhali angegomba. Kisha akaleta bahasha ya tano, akaiandika mbele yangu. Nikasoma herufi moja moja, na heri wale wa kanisani wasingenifundisha: HASARA ZA KOKO. Akasema kwa upole kwamba kila mwezi ataweka kitu humo, maana mvua ya mawe na mimi hatupigi hodi.

Ijumaa, 13 Machi

Nyumba kimya. Anasalimia, anaaga, anafunga mlango. Nimemshika kama unavyomshika kuku miguu: yupo, lakini hakuangalii. Chakula hakina chumvi hata nikiimwaga. Nimekohoa kikohozi cha kweli, sikumwambia.

Nimemuuza mbuzi. Yuleyule niliyemlisha kwa mkono. Kwa nani? Vénantie, nani mwingine ana pesa mtaa huu! Kampapasa mbavu, kashusha bei, kashusha tena. Akaniambia uzee na mifugo havipatani, mukecuru. Mimi, ajuza! Nikapokea noti, nikazihesabu mara mbili. Pesa yote nimeitia kwenye bahasha nene Sandrine akiwa kazini. Nilitaka asijue. Alijua: ilinuka mbuzi. Akanikumbatia hadi kilemba kikaanguka.

Jumapili, 15 Machi

Amehama jana. Jules, keti kabla hujaendelea. Amepanga uani kwa Vénantie! Kwa pesa ya mbuzi wangu! Eti bei nafuu, eti karibu, eti atanisikia nikikohoa. Pesa imetoka kwa Vénantie, imelala kwangu, imerudi kwa Vénantie. Sasa ana pesa, ana mbuzi, ana mjukuu wangu, vyote nyuma ya ua mmoja. Baada ya misa kanisalimia kwa meno yote.

Mchana nikakohoa kidogo, kujaribu. Sandrine akaitikia ng'ambo ya ua: Koko, mituweli imelipwa! Mbuzi naye akaitikia. Wasaliti. Jioni akaja na sahani iliyofunikwa, tukala, akaosha vyombo, akaenda kwake. Nimesikia komeo lake.

Sijashindwa. Chumba kile dirisha ni wazi, muntu hawezi kulala hivyo. Nimeshamtumia Maman Elikia neno: mapazia mazito, yenye maua, kwa deni. Yatalipwa na bahasha ya tano. Si ina jina langu? Yenye jina langu ni yangu.

Ukija Pasaka, pita njia ya nyuma, kwenye migomba, Vénantie asikuone: ana chumba kingine kitupu. Maharage nimeshayatoa chumbani kwako. Na mshahara njoo nao mkononi. Bahasha ziache Kigali.