Mama Mkwe Anakuja Kukagua Mboga

Jumapili, 4 Mei

Habari kubwa! Mama Mkwe anakuja Jumamosi. Maurine ameniambia tukitoka kanisani, uso wote furaha, kama vile hajui kwamba nyuma ya nyumba yetu hakuna bustani. Kuna kaburi la mboga.

Nieleze vizuri. Mama Mkwe wa Khwisero ana kibuyu cha mbegu. Mboga za kienyeji: managu, saga na mrenda, zimehifadhiwa kwenye majivu tangu enzi za nyanyake. Sasa magoti yamemchosha na anataka kumwachia binti mmoja kibuyu hicho kabla hajashindwa kuinama. Mabinti ni wawili tu: Maurine wangu, na Winrose aliyeolewa na Cheruiyot huko Lugari. Mama amesema wazi kwamba kibuyu kitaenda kwenye nyumba ambayo mbegu hazitakufa. Lugari amekagua wiki jana. Sasa ni zamu yetu hapa Amalemba.

Maurine anakitaka kibuyu hicho kuliko kitu chochote. Hasemi. Lakini juzi nilimkuta amepigilia msumari ukutani jikoni, juu ya meko. Nikamuuliza ni wa nini. Akasema ni wa kibuyu, basi akarudi kuosha sufuria. Nikatoka jikoni bila kumtazama.

Maana tangu Machi nimekuwa nikimtumia Mama Mkwe salamu kupitia simu ya Maurine kwamba managu yangu yamefika kiunoni. Ukweli ni kwamba yalifika kwenye kifundo cha mguu. Nikayapa samadi ya kuku, gunia zima, ikiwa bado moto kutoka bandani. Siku tatu yakaungua. Mideva, mama wa nyumba ya jirani, alinionya kutoka upande wake wa ua. Sikumsikiliza. Mtu aliyekuwa karani wa stoo miaka ishirini na saba hafundishwi mavi ya kuku.

Siku sita zimebaki. Zinanitosha.

Jumatatu, 5 Mei

Mpango wa kwanza. Nimehesabu miche iliyosalia: tisa. Nimeenda agroveti, duka la pembejeo mjini, nikaomba kitu cha kufanya managu yafike kiunoni kufikia Jumamosi. Mwenye duka akaniuliza Jumamosi ya mwezi gani. Nikamwambia asilete mzaha kwa mteja.

Ameniuzia chupa ya mbolea ya majani. Akasema kifuniko kimoja kwa ndoo nzima, nitaona matokeo baada ya wiki mbili. Nimepiga hesabu njiani. Ikiwa kifuniko kimoja ni wiki mbili, vinne ni siku tatu na nusu. Hesabu haidanganyi. Nimenyunyiza vifuniko vinne.

Nimelala na amani kabisa.

Jumanne, 6 Mei

Miche minane imekuwa ya njano. Wa tisa siuoni.

Si neno. Mpango wa pili. Bustani ya Mideva imepakana na yetu, na managu yake, nitasema ukweli maana hapa hakuna anayesoma, ni mazuri mno. Meusi meusi, manene. Kati yetu kuna ua wa seng'enge tu. Seng'enge ikiondoka, nani atajua shamba la nani linaishia wapi?

Nimemwendea kwa heshima. Nikamwambia ua umechoka, nitauondoa Ijumaa jioni niukarabati kwa hiari yangu, niurudishe Jumamosi jioni. Mideva aliendelea kuchuma saga yake. Mwalimu mstaafu huyo, hana haraka na mtu. Akasema haoni seng'enge ilipokatika. Halafu, bila hata kuinua kichwa, akaniuliza Mama yake Maurine anafika saa ngapi.

Ala! Mtaa huu hauna siri.

Akasema atanipa miche arobaini na samadi iliyooza vizuri, nipande leo, na Mama akija nimwambie tu kwamba tumeanza juzi. Akasema aibu ya mche mdogo haijaua mtu. Nikamshukuru, nikamwambia mboga kwangu zimejaa. Akatazama juu ya ua. Akatazama miche yangu minane. Akarudi kuchuma saga yake, na hicho ndicho kiliniudhi zaidi.

Jioni akatuletea saga kwa sahani. Tumeikula na obusuma, ugali wetu. Tamu ajabu. Sikumwambia Maurine kwamba ni tamu. Niliongeza tu mara tatu.

Alhamisi, 8 Mei

Jana sikuandika. Nilikuwa nafikiri.

Leo mvua ilishuka saa tisa kama kawaida yake. Nilikuwa nimejikinga kwenye kibanda cha Clifford, yule wa boda boda, pamoja na mama mmoja aliyebeba managu kutoka sokoni. Nikayaangalia yale mafungu. Nikayaangalia tena. Yalikuwa na mizizi!

Kumbe sisi huku managu tunauza yakiwa yameng'olewa mazima. Mzizi upo, udongo upo. Mmea wenye mzizi ni mmea hai. Mmea hai ukitiwa ardhini ni bustani. Nilitaka kumkumbatia yule mama.

Nimeshapanga kila kitu. Kesho soko la Khayega na Clifford. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi napanda. Mama Mkwe anafika saa sita, na saa tano mimi nitakuwa nimetoka zamani. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawapishani mlangoni, hawakai wakitazamana. Nitasimama barabarani, nimevaa suti, nionekane kwa mbali tu. Yeye atakagua mboga, atafurahi, atakula ingokho, yaani kuku, atatoa kibuyu. Nani atabaki na hasara?

Ijumaa, 9 Mei

Ushindi mtupu! Nimepata mafungu thelathini. Muuzaji alikuwa anayasifu kama mtoto wake wa kuzaa. Anasema yameingia asubuhi hii kutoka Khwisero, kwa mama mmoja mwenye mkono wa baraka, hata ufungaji wake ni nadhifu. Kweli, kila fungu limefungwa kwa kitambaa cha kitenge cha njano. Kutoka Khwisero! Mama Mkwe ataona mboga za kwao zimestawi mikononi mwangu. Mungu si Athumani.

Clifford aliniuliza tuna harusi au matanga. Nikamwambia abebe, asiulize.

Nimeyaficha bafuni ndani ya makarai matatu ya maji. Maurine aliyaona. Akaniambia, Baba Tracy, si tumwambie Mama ukweli tu? Nikamwambia atulie, msumari wake utapata kibuyu. Akacheka kidogo, lakini macho hayakucheka. Nilimshika bega. Nikamwambia aniamini. Akasema ananiamini, shida ndiyo hiyo.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika nimekaa upande mmoja tu. Sababu itajulikana.

Saa kumi na mbili nilikuwa shambani. Kufungua mafungu thelathini ni kazi, na muda haukuwepo, kwa hiyo niliyatia ardhini jinsi yalivyo, nikafunika vitambaa kwa udongo. Saa moja na nusu bustani ilikuwa imesimama. Managu ya kiunoni! Nilirudi nyuma hatua kumi, nikaitazama, nikajipongeza kwa sauti.

Nikaoga. Nikavaa suti ya kijivu.

Saa nne jua likawaka. Huku kwetu mvua ni ya alasiri, asubuhi ni jua la kuchoma mgongo. Managu yakaanza kuinama, moja moja, kama waumini wakisikia tuombe. Nikakimbia na ndoo, suti na yote. Namwagia huku, yanalala kule. Nilikuwa na ndoo ya saba niliposikia sauti ya Mama Mkwe jikoni.

Saa tano kasorobo! Saa sita yake iko wapi?

Hakukaa hata kitini. Nikasikia akisema chai itangoja, kwanza mboga. Njia ya kutoka shambani ni moja, na yeye ndiye alikuwa anaingia nayo, amekamata fimbo, kibuyu kimening'inia begani kwa kitambaa cha njano. Nikajiwazia kwamba kitenge cha njano kimekuwa mtindo siku hizi.

Nikaruka nyuma ya migomba. Nikachuchumaa.

Nilikuwa nimechuchumaa juu ya njia ya siafu.

Mayoo! Waliingia kwenye soksi. Wakapanda. Siwezi kusimama, mama wa mke wangu ataniona ana kwa ana nikijikuna mahali pasipokunwa mbele ya wakwe. Siwezi kupiga kelele. Niliuma tai.

Mama Mkwe akafika kwenye mstari wa kwanza. Akainama taratibu, magoti yakalia, akashika shina moja la managu, akavuta. Likatoka fungu zima, na kitambaa chake.

 Akakigeuzageuza kile kitambaa kiganjani.

Halafu akaanza kuongea. Si na mimi, hilo haliwezekani. Aliongea na yale managu. Akayauliza: nyinyi si ndio niliwafunga jana alfajiri kwa mkono wangu, kwa kitenge changu kilichochakaa? Mmefikaje kwa mkwe wangu kabla yangu?

Nilitamani ardhi inimeze. Siafu walikuwa wameshaanza kunimeza.

Hakukasirika. Hilo ndilo lilinishinda. Alikaa juu ya ndoo yangu akaendelea kuyasomesha managu kwa upole, kama mwalimu na watoto wa chekechea. Akayaambia samadi ya kuku inataka mwezi mzima ikae kivulini, mpaka uiguse mkononi usisikie joto. Mbegu ichanganywe na majivu, imwagwe kidogo kidogo, leo mstari mmoja, wiki ijayo mwingine. Na asiye na mboga aseme hana, maana aliyesema hana hupewa. Kila neno nililisikia. Maneno ya busara kabisa. Laiti managu yangekuwa na masikio.

Mwisho akaugeukia mgomba wenyewe. Akauambia siafu hawana adabu za wakwe. Kwa hiyo yeye sasa anatazama ua wa jirani, anapendezwa sana na seng'enge, na ataitazama mpaka ahesabu hamsini.

Nilitoka mbio. Nilivua suruali kabla sijafika bafuni. Mideva alikuwa upande wa pili wa ua. Sitaki kuzungumzia hilo.

Alasiri mvua ikanyesha kwa nguvu. Mama Mkwe hangeweza kujifungia na mimi katika sebule moja, basi akaenda kujikinga kwa Mideva. Wamekaa huko saa mbili. Nilisikia vicheko. Nilisikia pia harufu ya saga.

Jumapili, 11 Mei

Mama aliondoka jana mvua ilipokatika. Maurine amenipa habari leo tukinywa chai, kwa sababu jana kila akianza kusema alicheka mpaka akashika ukuta.

KIBUYU TUMEPATA!

Niliruka. Nikaumia, nikakaa tena, upande ule mmoja.

Anasema kwa Cheruiyot mboga ni nyingi, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyejua ni nani aliyezipanda. Trekta inapita, dawa inapita, mambo kwisha. Mama akamwambia Maurine kwamba hapa kwetu mboga hakuna, lakini kuna mwanamume aliyekubali kuliwa na siafu kwa sababu ya mboga. Mtu anayeona haya kiasi hicho, alisema, bado anafundishika.

Maurine alilia akinieleza. Kilio kizuri. Akanishika mkono, akasema mwendawazimu wewe. Siku zote nitakuwa mwendawazimu kwa malipo hayo.

Kuna sharti dogo. Kibuyu ni cha Maurine, lakini kitaning'inia jikoni kwa Mideva. Mpaka, nanukuu, Baba Tracy apoe. Sharti la ajabu. Kupoa kutoka wapi? Lakini sikubishana. Nimeazima nyundo, nimeng'oa ule msumari na kuupeleka kwa Mideva mwenyewe. Akaupokea kwa mikono miwili. Akanipa saga. Sijui kwa nini niliwahi kumchukia mwanamke huyu.

Jumatano, 14 Mei

Siku njema. Uvimbe umeisha. Maurine na Mideva wamepanda mstari mmoja wa managu, mmoja tu, kwa majivu na samadi iliyopoa. Nilishika kamba wakanyoosha mstari. Wakasema nimeshika vizuri.

Mstari mmoja! Kwa mwendo huo tutakula mboga Krismasi.

Nilipomrudishia Mideva kamba jikoni mwake, kibuyu kilikuwa pale, wazi, kinanitazama. Nilichota kiganja kimoja. Si wizi, ni mbegu za mke wangu. Nimezimwaga zote nyuma ya migomba, siku moja, nikaziwekea magunia mawili ya samadi kutoka kwa mfuga kuku. Mbichi. Ukiingiza mkono unasikia joto, na joto ndiyo nguvu yenyewe, mtu asinidanganye.

Kisha nikamtumia Mama Mkwe salamu kwamba aje tena baada ya wiki tatu, atakuta managu ya kiunoni.

Nimeongea na Clifford pia, kama tahadhari tu. Ijumaa kabla Mama hajafika awe tayari mapema twende Khayega. Maana mimi si mtu wa kurudia kosa, nimeshajifunza. Safari hii vitambaa nitavifungua kwanza.