Kitanda cha Milimita Mbili na Nusu

Leo nimeadhirika. Tena siku ya harusi yangu, jamani, mbele ya shangazi wa bibi harusi, na aliyeniadhiri ni kitanda.

Mnanijua. Sipendi kupunjwa. Nikinunua chumvi naingiza kidole mpaka chini ya pishi kuangalia kama hakuna mchanga. Na si mimi peke yangu. Tangu vita vya maji viishe, Kivinje nzima inaishi kwa jicho la pembeni: nani aliyanywa yale maji, nani alipeleka maneno bomani kwa Wadachi, kwa nini fulani anafunga dirisha mchana. Basi na mimi nikitaka kuchongewa kitanda nifumbe macho? Thubutu!

Fundi seremala ni Mbwana, mnamfahamu. Kazi yake nzuri, lakini mkono wake mfupi. Kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, ukimtazama haraka, utadhani kuna kipande kimesahauliwa. Mtu wa mkono ule nimwambie, "Nichongee kitanda cha mikono mitano"? Si nitalala nimekunja magoti mpaka kufa!

Nikamwambia, "Fundi, mimi nataka kwa mita." Maana Mbwana aliwahi kufanya kazi bomani, akatoka na fimbo ya mita ya Wadachi. Fimbo haina kiwiko.

Lakini fimbo nayo nikaishuku. Nani ajuaye kama hakuikata ncha? Nikataka twende nayo bomani ikalinganishwe na ya kwao. Mbwana akanuna, lakini akaja, akiishika mwenyewe njia nzima, eti mimi nisije nikaichonga kidogo. (Watu wengine wana dhana mbaya sana.) Zikalinganishwa. Sawasawa.

"Haya, niazime nikapime chumba," nikamwambia.

"Fimbo yangu hailali kwa mtu. Nitakuja nipime mwenyewe."

Aje chumbani kwangu? Atazame nilichonacho na nisichonacho, kesho akakisimulie sokoni? Nikamwambia asijisumbue. Nikaenda kupima kwa mkono wangu mwenyewe, maana huo ndio mkono pekee ninaouamini mji huu. Kitanda kikae mwisho wa chumba, kichwa ukuta huu, miguu ukuta ule. Nikapata mikono minne, shibiri moja na vidole vitatu.

Sasa kugeuza iwe mita. Nikamkimbilia Abeid, karani wa bomani, nikamkuta anafunga mlango aende kula.

"Abeid, mita moja mikono mingapi?"

"Kama miwili hivi," akasema, huku anaondoka.

Mimi nikachukua "miwili". Hiyo "kama" na hiyo "hivi" nikamwachia mwenyewe. Nikachuchumaa mchangani na kijiti, nikagawa, nikagawa tena, mpaka jasho likanitoka. Jawabu likaja zuri ajabu: mita mbili, sentimita thelathini na moja, milimita mbili na nusu.

Ile nusu ndiyo iliyonifurahisha. Nikasema hapo Mbwana hana pa kupenya.

Mbwana alipoisikia alinitazama sana. "Milimita mbili na nusu? Bwana Shomari, alama yangu ya mkaa ni nene kuliko hiyo."

"Chonga mkaa wako."

"Umepima kwa nini?"

"Hilo halikuhusu."

"Una hakika?"

Mnaona? Mtu akikuuliza una hakika, ujue anatafuta mlango wa kupunguza. Nikamwambia ikipungua hata unywele sikipokei.

Basi leo asubuhi kitanda kikaja. Mninga mtupu, kinang'aa! Kikaletwa vipande vipande, kiungwe chumbani. Na nyuma yake akaingia Bi Mwanahawa, shangazi yake Zuhura, mchumba wangu, na wanawake wenzake, wamebeba godoro la sufi na mashuka. Wao ndio wa kutandika. Nikah baada ya alasiri, na bila kitanda kilichotandikwa hakuna bibi harusi atakayeletwa. Hilo walishasema toka mwanzo.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba, mwanangu. Kiko wapi tutandike?"

Mbwana akasimamisha upande wa kichwa. Akachomeka mbao za ubavuni. Upande wa miguu ukagoma. Akasukuma. Chokaa ikaanza kudondoka ukutani. Akasukuma tena, likaanguka bonge zima miguuni pa shangazi.

Nikalipuka. "Si nilisema! Umeniibia, Mbwana! Mchana kweupe!"

Kisha Bi Mwanahawa akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Kakuibia nini, baba, na kitanda kimezidi?"

Wanawake wakashika midomo. Mmoja akashindwa, akatoka nje kuchekea uani.

Mbwana akalaza fimbo kwenye kitanda. Mita mbili, sentimita thelathini na moja, na kidogo. Hivyo hivyo nilivyoagiza! Akailaza sakafuni, ukuta hadi ukuta. Nafasi ikapungua karibu shibiri nzima.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikaugeukia ukuta. Upande wa pili anakaa jirani yangu, Mzee Salumu. Nikasema, "Basi huyu mzee kausogeza! Kausogeza ukuta!"

Astaghfirullah, hata mimi nilipojisikia niliona haya.

Bi Mwanahawa akakunja kiwiko, akapima kitanda kwa mkono wake: mitano na karibu nusu. Akapiga magoti akapima chumba: mitano kasoro vidole. "Mkono ni huu huu wangu," akasema. "Na ukuta sikuuona ukitembea." Kisha akajifunga ushungi, akaenda kwa Zuhura. Godoro akaliacha mlangoni, limesimama, kama abiria asiyejua atashuka wapi.

Jamani, niliogopa. Nimemtaka Zuhura tangu kabla ya vita, tukakimbia, tukarudi, akanisubiri. Nimpoteze kwa shibiri moja ya mninga?

Shangazi akarudi. "Zuhura anasema, mtu anayeushuku ukuta wake mwenyewe, kesho atamshuku yeye akichelewa kisimani. Umwombe fundi radhi mbele yetu. Akate kinachozidi, na wewe usiulize neno. Ukiuliza hata moja, godoro linarudi, na yeye haji."

Nikamwomba radhi. Kwa sauti, maana mara ya kwanza shangazi alisema hakusikia. Mbwana akasema yamekwisha. Akauliza, "Nikate kiasi gani?"

"Wee kadiria kwa jicho tu," nikamwambia.

Akakata mbao mbili za ubavuni. Kitanda kikaingia vizuri, na nafasi ya mkono kupita. Vile vipande viwili vya mninga, vya karibu shibiri kila kimoja, akaviinua. Akanitazama. Shangazi akanitazama. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, nikameza mate, nikaufunga. Akavitia kwenye kikapu chake cha misumari, akaaga, akaenda zake.

Nikah imefungwa, alhamdulillahi. Zuhura yumo ndani, na kicheko chenu anakisikia, kwa hiyo punguzeni.

Ila wewe, Selemani, unayecheka kuliko wote: kesho ukipita kwa Mbwana, usiulize kitu, chungulia tu kama mkewe hana mbuzi mpya ya mninga ya kukunia nazi.