Uzinduzi wa Mradi wa Hesabu Wawili Wawili

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye leo amekikalia kiti cha Mwenyekiti kwa kuwa Mwenyekiti amehamia chini ya feni, Mkuu wa Shule, Msaidizi wa Mkuu wa Shule na yule anayemsaidia Msaidizi, wataalamu wenzangu, wadau, na wadau wa wadau, wazazi mliofika kwa wakati na wazazi mnaoendelea kufika, wapishi, ambao nimeambiwa ukumbi huu ni wenu kuanzia saa sita kwa hiyo nisirefushe, wanafunzi, na mwisho kabisa, si kwa udogo bali kwa unyenyekevu, mimi mwenyewe, Afisa Elimu Mwandamizi, Mratibu Mkuu wa Mipango Mtambuka na Mlezi wa Takwimu: hamjambo! (Hatujambo, ya kukokota.)

Ndugu zangu, leo, kwa mamlaka niliyopewa na kwa yale machache niliyojiongezea, ninazindua Mpango Unganishi wa Jozi katika Hisabati, kwa kifupi MUJOHI, mpango ambao kwa upande wa impakti, rodimapu, sastenabiliti na mengineyo tuliyoyajadili kwenye semina elekezi mpaka chai ikapoa, unawaweka wanafunzi wawili wawili, dawati kwa dawati, uso kwa uso, ili hesabu isimkute mtoto yuko peke yake ikamwonea. (Makofi. Mpishi mmoja anagonga sufuria.)

Niulizeni wazo hili nililitoa wapi. Jamani, niulizeni. (Sauti kutoka nyuma: “Ulilitoa wapi?”) Ahsante, swali zuri sana, na wala sikulitarajia. Nilikuwa sebuleni kwangu nakata kucha, mama watoto akaniambia, “Baba wee, mbona mkono wa kulia unauharibu hivyo?” Nikasimama na mkasi wangu. Nikasema, kumbe! Mkono wa kulia umekosa mwenzake wa kuusaidia ipasavyo! Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini wahenga waliishia kwenye kidole, mimi nimefika mpaka kwenye kucha. (Kicheko upande wa kidato cha nne.) Nami nayasema haya kwa uchungu, maana nilisoma hesabu peke yangu, na kitabu changu na daftari langu, nikapata tisa kwa mia, alama ambayo marehemu baba yangu hakuwahi kuisamehe. Ningepewa mwenzangu wa kukaa naye, ningepata kumi na nane! (Makofi ya wazazi.)

Sasa takwimu, kwa sababu mimi bila takwimu ni kama chai bila maji. Katika shule hii pekee MUJOHI umewafikia wanafunzi thelathini na saba wa kidato cha tatu, katika jozi ishirini kamili. (Minong'ono. Sauti: “Thelathini na saba gawanya kwa mbili, mheshimiwa!”) Nimesikia. Kijana, usiwe na haraka, takwimu ni jambo la kitaalamu. Kuna jozi kumi na nane za watu wawili wawili, kuna jozi moja ya mtu mmoja, na jozi ya ishirini iko katika hatua za awali. (Kicheko kirefu.) Na ufaulu umepanda kwa asilimia mia tatu! (Makofi. Mwalimu wa fizikia anakohoa.)

Nisiseme sana, kuona ni kuamini. Waje wawili mbele hapa, jozi yoyote ile, sikuwaandaa, Mkuu wa Shule ni shahidi. Wewe binti wa karibu na dirisha, njoo. Na mwenzako. Mnaitwaje? (Wanafunzi, kwa pamoja: “Kimya na Redio!”) Naambiwa binti anaitwa Kimya kwa sababu hasemi, na kijana anaitwa Redio kwa sababu hazimwi. Vizuri. Chaki hii hapa. Kokotoeni mbele ya umma: muhula uliopita walifaulu kumi na wanne, muhula huu wamefaulu thelathini na mmoja. Ufaulu umepanda kwa asilimia ngapi? (Redio anachukua chaki. Anafumba mdomo kwa mkono wa kushoto.)

Mbona huyu anajiziba mdomo? Aa, naelezwa hapa ni utaratibu: anayeshika chaki hasemi, anayesema hashiki chaki, na wa chaki haruhusiwi kuandika kitu asichokielewa mpaka mwenzake amweleweshe. Ndiyo, ndiyo, ni utaratibu wetu wa MUJOHI, kurasa za mwanzo kabisa. (Kimya, taratibu: “Andika thelathini na moja toa kumi na nne. Ni kumi na saba. Sasa gawanya kwa kumi na nne.” Redio anatikisa kichwa, haandiki, anaonyesha thelathini na moja kwa kidole. Kimya, kwa sauti ya juu kidogo: “Hapana. Tulianzia kumi na nne, ndiyo tunapima tumepanda kiasi gani kutoka pale. Huwezi kupima ngazi kutokea juu.” Redio anakodoa macho, anaandika mbio mpaka chaki inakatika.) Jamani, mmeona? Mmeona uso wa huyo kijana? (Kimya: “Asilimia mia moja ishirini na moja.” Makofi makubwa, hata wapishi.) Mia moja ishirini na moja. Naipokea. Ile mia tatu yangu ilikuwa makadirio ya awali, yenye moyo mkubwa.

Sasa binti, usiogope kipaza sauti, kinalia hivyo hivyo hata kwangu. Waambie wazazi nani aliyekufundisha utaratibu huu mzuri. Sema tu: MUJO... (Kimya: “Mwalimu Kokotoa.”) Nani? (Mkuu wa Shule anamnong'oneza.) Naambiwa ndilo jina walilompa mwalimu wao wa hesabu. Sawa, endelea. (Kimya: “Miaka miwili sikuwahi kusema neno kwenye hesabu. Niliogopa kuchekwa. Mwalimu akageuza madawati, akanikalisha na Redio, akasema huyu atashika chaki, wewe sema, hana ruhusa ya kukucheka. Lakini ameandikiwa barua. Leo saa nane anakabidhi chaki. Na mtihani ni baada ya wiki sita. Akiondoka, mimi narudi kulekule.”)

Nini? Barua? Barua gani hiyo? Nani aliyemwandikia? Ndugu zangu, nimeghadhibika, shikeni miwani yangu nisije nikaivunja! Yaani sisi tunahangaika usiku na mchana kujenga, kuna mtu mahali fulani, na tumbo lake limejaa, anakaa kwenye kiti cha kuzunguka anabomoa! Nataka jina lake! Nataka cheo chake! Mtu wa namna hiyo hafai kupewa hata funguo za choo! (Makofi ya kishindo. Wazazi wanasimama.) Mkuu wa Shule, lete barua hiyo hapa, niisome mbele ya umma, aibu imkute mwenyewe. (Mkuu wa Shule anasita. Analeta barua. Anarudi kiti cha nyuma zaidi.)

Miwani yangu, tafadhali. “Kwako Mwalimu wa Hisabati. Imebainika kuwa umegeuza madawati yakatazamana badala ya kutazama mbele. Kwamba umeruhusu wanafunzi kuongea wakati wa somo, jambo lililosababisha kelele za kuelewana kusikika hadi darasa la jirani.” Kelele za kuelewana! Mnasikia ujinga huu? (“Tunasikia!”) “Unaagizwa kukabidhi chaki, rula na ufunguo wa darasa kabla ya saa nane mchana, na kuripoti stoo kuhesabu viti.” Stoo! Mwalimu! Na chini hapa kuna saini, kubwa, ya mtu mwenye majivuno, imezungushwa mara tatu na mkia unaofika kwenye... (Anasogeza barua karibu na macho. Anaisogeza mbali. Feni inasikika.)

Ndugu zangu. Saini ni yangu.

(Kicheko. Mwenyekiti anaanguka kitini pale chini ya feni, anainuliwa.) Tulieni. Naomba ieleweke kwamba mimi hutia saini karibu barua sitini kwa siku, kwa uaminifu mkubwa, bila kuingilia uhuru wa barua. Mkaguzi wa shule akileta, natia. Sikujua ni yeye. Wala sikujua ni nini. Yuko wapi huyo mwalimu? (Wanafunzi wanageukia mlangoni. Mwanamke mwenye vumbi la chaki kwenye mikono ya blauzi amesimama na boksi la vitabu.) Mwalimu, karibu mbele. Hutaki? Basi baki hapo hapo, ila boksi liweke chini, linanikata maini. Kwa mamlaka yangu naitengua barua hii. (Mwalimu Kokotoa: “Maneno hayatoshi, mheshimiwa. Andika. Na mara hii usome kwanza, ndipo utie saini.” Vigelegele.) Kalamu! Nani ana kalamu? Naandika: Barua hii imefutwa, mwalimu abaki darasani, madawati yabaki yanatazamana. Nimesoma. Nimesoma tena. Nimetia. Redio, mpelekee. (Redio anakimbia. Mwalimu anasoma karatasi mstari kwa mstari, anaikunja, anasukuma boksi ndani kwa mguu. Kimya anamkumbatia, analia waziwazi.)

Eeh. Na mimi jicho limeingiwa na kitu.

Tumalizie kwa ari. Hisabati! (“Wawili wawili!”) Kuelewa! (“Kwa pamoja!”) MUJOHI! (Hakuna anayeitikia.) MUJOHI oyee! (Mpishi: “Saa sita hiyo!”)

Basi nishukuru. Naishukuru kamati ya MUJOHI, ambayo nitaiteua nikipata watu. Naushukuru mwongozo wa MUJOHI, ambao ukiandikwa utatusaidia sana. Nawashukuru wawezeshaji wote wa MUJOHI, hasa kwa uvumilivu wao wa kutozaliwa bado. Na wewe, Mwalimu Kokotoa, nakushukuru kwa namna ya pekee, tena nakuomba kama ndugu: Jumatatu wageni kutoka makao makuu wanakuja kuukagua mradi, na watakapouliza mradi uko wapi, tafadhali simama mahali wanapoweza kukuona.